Tunampeleka mama Ziwa Superior: hema au RV?

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo? Karibuni tena kwenye chaneli. Leo nawarekodia kutoka sebuleni, maana huku Minnesota ni mapema Machi na theluji bado imejaa uani. Hicho kitambaa cha kijani mnachokiona nyuma yangu, kilichotandazwa kuanzia kwenye kochi mpaka karibu na mlango wa jikoni, ni hema. Watoto wamehamia humo tangu asubuhi, kwa hiyo mkisikia vicheko msishangae.

Nimelitoa stoo kwa sababu mama anakuja. Viza imetoka, tiketi imekatwa, Mungu akipenda Julai atakuwa hapa na sisi. Nilimuuliza kwenye simu, mama, ukifika unataka tukupeleke wapi? Hakutaja New York, hakutaja maduka. Alisema, "Nataka kuliona hilo ziwa lenu mnalosema limelizidi letu." Mama ni mtu wa Bukoba, amekulia na ziwa mbele ya macho. Kwa hiyo safari imeshachaguliwa: tunakwenda Ziwa Superior, na tunakwenda kulala palepale, siyo kupiga picha na kugeuza gari.

Na ni kweli limelizidi. Kwa eneo la juu, Superior ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani ukiyachukua maziwa yasiyo na chumvi, kama kilomita za mraba 82,000. Victoria yetu inafuata, ya pili. Ila tofauti kubwa ipo chini. Victoria kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Superior linashuka mpaka mita 406. Hicho kina, kikisaidiwa na baridi ya huku kaskazini, ndicho kinachofanya maji yawe ya baridi kiasi ambacho mtu wa kwetu hawezi kukikadiria akiwa amekaa nyumbani, na ndicho kilichonifanya niipange safari hii tangu sasa, miezi minne kabla. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza, hivi kulala porini nako kunahitaji mipango? Ndugu zangu, kunahitaji sana. Kaeni mkao wa kusikiliza.

Mimi kanuni yangu ni kwamba safari ya kambi inapangwa kwa kumtazama yule aliye dhaifu kuliko wote kwenye kundi. Yule kijana mwenye nguvu atalala popote, hata kwenye kiti cha gari. Kwetu aliye wa kwanza kufikiriwa ni mama, amepita miaka 65, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha. Kisha mtoto wangu mdogo. Kila uamuzi mtakaonisikia nikiusema leo umeanzia hapo.

Tuanze na mahali. Kutoka hapa Minneapolis mpaka Duluth ni kama kilomita 250, saa mbili na nusu za barabara nzuri. Duluth ndiko ziwa linakoanzia kwa upande wetu. Kutoka hapo unashika Barabara ya 61, inayopanda kaskazini ikifuata ufuko mpaka mpakani na Kanada. Kwenye barabara hiyo kuna hifadhi za jimbo zimepangana: Gooseberry Falls, Split Rock Lighthouse, Tettegouche na nyingine mbele. Nyingi zina viwanja vya kambi. Kila kiwanja kina namba yake, kina meza ya mbao na mabenchi, na pete ya chuma ardhini ya kuwashia moto. Unalipia kiwanja chako, unapiga hema, hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

Sisi tumechagua Gooseberry. Sababu ya kwanza ni magoti ya mama. Maporomoko yale yako karibu na kituo cha wageni, na kuna njia ya lami, tambarare, hata mtu wa kiti cha magurudumu anafika akaona maji yanavyoanguka. Hifadhi nyingine zina maporomoko marefu zaidi, lakini unayafikia kwa ngazi na mizizi ya miti. Sababu ya pili, mnara wa taa wa Split Rock uko mbele kidogo tu, dakika chache kwa gari. Huo nataka mama auone. Umesimama juu ya genge, na ulijengwa mwaka 1910, baada ya tufani ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi kwenye pwani hii.

Hapa niseme jambo moja zito kidogo. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa kwamba ziwa linaua. Tarehe 21 Mei 1996 ilituchukulia meli ya MV Bukoba na mamia ya watu, na mpaka leo kuna nyumba ambazo tarehe hiyo haitamkwi kwa sauti ya kawaida. Watu wa huku nao wana tarehe yao. Tarehe 10 Novemba 1975 meli ya Edmund Fitzgerald ilizama Superior na wanaume wote 29 waliokuwemo, hakupona hata mmoja. Taa ya Split Rock ilishastaafu tangu 1969, lakini kila mwaka tarehe hiyo huwashwa kwa ajili yao. Niliposimulia hayo kwa mama alinyamaza, halafu akasema watu wa ziwa ni wamoja. Ndiyo maana namtaka asimame pale.

Sasa, nafasi. Hili sikilizeni hasa nyie mnaoishi huku Marekani. Hifadhi za jimbo la Minnesota zinafungua uwekaji wa nafasi siku 120 kabla ya siku ya kufika. Sisi tunataka kufika tarehe 20 Julai. Hesabu nyuma siku 120, unaangukia tarehe 22 Machi. Asubuhi hiyo nitakuwa nimekaa mbele ya kompyuta, akaunti imeshafunguliwa, kadi ya benki ipo mezani, namba za viwanja vitatu ninavyovitaka nimeziandika kwenye karatasi kwa mpangilio. Viwanja vya kando ya ziwa wakati wa kiangazi vinagombaniwa, ukisema nitaingia jioni nikitoka kazini utakuta vimekwisha. Na chagueni siku za katikati ya wiki kama mnaweza. Ijumaa na Jumamosi ndizo kila mtu anazitaka.

Gharama si za kutisha kwa upande wa hema. Kibali cha gari kuingia hifadhi kinalipiwa kwa siku, au kwa mwaka mzima kwa hifadhi zote za jimbo, na kiwanja kinalipiwa kwa usiku juu ya hapo. Familia ya kipato cha kawaida inamudu. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye mambo ya kambi huku: fundi, nesi na dereva wa lori wanalala ufuko uleule na mwenye pesa zake.

Haya, hema au RV? Nyumbani tulibishana sana, mimi na baba watoto. Kwa wasioijua RV, ni gari lenye nyumba ndani: vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo. Ile tunayoitazama sisi ni ya ukubwa wa kati, yenye kitanda kilichopanda juu ya kichwa cha dereva. Leseni ya kawaida inatosha kuiendesha. Lakini bei yake, jamani. Kukodi kwa usiku mmoja wakati wa kiangazi kunaweza kufika dola 200 na kuendelea, kuna bima juu yake, mara nyingi kuna ukomo wa maili, na gari lenyewe linakunywa. Lita moja inakusogeza kilomita nne hivi. Kwenda na kurudi Gooseberry ni zaidi ya kilomita 600, pigeni hesabu wenyewe.

Baba watoto alisema tuchukue hema tu, mama ni mzaliwa wa kijijini, amezoea. Mimi nikakataa. Kuzoea maisha magumu si sababu ya mzee kulazwa chini. Ebu fikiria mama anaamka saa nane usiku anataka kujisaidia. Kwenye hema inabidi apige magoti, afungue zipu mbili, atafute viatu na tochi, atembee kwenye giza mpaka choo cha kambi, huku nje ni nyuzi 12 na umande umeshalowesha majani. Kwenye RV ni hatua tatu. Kwa hiyo mama na watoto watalala kwenye RV, na sisi wawili tutalala kwenye hema hili pembeni yake. Kabla ya kulipia nitahakikisha masharti ya kiwanja chenyewe, maana kila kiwanja kimeandikiwa urefu wa gari linaloingia na kama hema la ziada linaruhusiwa.

Kuna mambo ya RV ambayo mwenye kukodisha atakwambia haraka haraka wakati wewe unatazama vitanda. Ina matangi matatu. La kwanza la maji safi. La pili la maji ya kuogea na vyombo. La tatu la choo. Kuna vituo maalumu vya kumwagia, na unamwaga la choo kwanza, kisha la vyombo, ili yale maji ya sabuni yaje kuusafisha mpira wa kumwagia. Vaa glavu. Usimwage mahali pengine popote, ni kosa kisheria na ni aibu. Jingine ni urefu wa gari kwenda juu. Uandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya usukani, kwa sababu mazoea yako ni ya gari dogo, na paa la kituo cha mafuta halitakusubiri ukumbuke.

Sasa ngoja nisogeze kamera kwenye hema, kuna vitu vya kuonyesha. Mwanangu, toka kidogo. Asante.

Mnaona hapa kwenye kona, sakafu imeshonewa ukutani kwa mshono uliozibwa na utepe mwembamba unaong'aa? Huo utepe ndio unaozuia maji. Pitisha kidole pole pole kona zote nne. Mahali ulipobanduka, maji yataingilia hapo hapo, wala si kwingine. Huu umeshaanza kuinuka hapa, mnaona, kwa hiyo nitaupaka gundi yake wiki hii na kuuacha ukauke. Ndiyo faida ya kulitandaza hema sebuleni mwezi Machi badala ya kulifungua mara ya kwanza mvua ikiwa imekwishaanza. Hiki kitambaa cha juu, cha mvua, kisigusane na hema la ndani. Lazima kuwe na upenyo wa hewa kati yao, vinginevyo mvuke wa pumzi zenu unageuka maji na kuwadondokea usiku. Na vigingi, huku ufuko ni miamba, vile vya waya mwembamba vinapinda. Nunueni vya chuma kinene. Tena, hema likiandikwa la watu 4, hesabuni watu wawili na mizigo yao.

Baridi ya usiku huwa inatokea chini zaidi kuliko juu. Watu wananunua mfuko wa kulalia wa bei kubwa halafu wanaulaza juu ya turubai tupu, wanaamka wanatetemeka. Wekeni kwanza godoro la povu au la kujaza upepo, ndipo mfuko. Ni ardhi inayokunyonya joto.

Na hapa nawaomba, hasa Waswahili wenzangu mlioko huku, msiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Wala lile dogo la kuchomea nyama ambalo linaonekana limekwisha kuzima. Nyumbani tumezoea kuingiza jiko chumbani kukiwa na baridi, na kila mwaka tunasikia familia imekutwa asubuhi haiamki. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, haikuamshi, inakulaza zaidi. Hema lililofungwa zipu ni dogo kuliko chumba chochote. Mkisikia baridi, vaeni soksi nyingine, vaeni kofia, ingieni kwenye gari. Nimelisema hili kwa herufi kubwa kabisa kwenye kundi letu la familia na nitalirudia.

Kuni nazo msibebe kutoka nyumbani. Kuna mdudu mmoja wa kijani, mdogo, asili yake Asia, aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na akafika Minnesota mwaka 2009. Viluwiluwi vyake vinakula chini ya gome la miti ya ash mpaka mti unakufa umesimama. Anasafiri ndani ya kuni za watu wa kambi. Kwa hiyo kuni zinanunuliwa palepale hifadhini au kwa muuzaji mwenye cheti. Wavuvi wa kwetu mlioona magugumaji yalivyoifunika Victoria mtaelewa upesi kwa nini watu wanakuwa wakali juu ya kitu kidogo kinachohamishwa.

Maji sasa. Julai Bukoba mtoto anajirusha ziwani na hakuna anayeshtuka. Superior Julai jua limewaka, watu wamevaa kaptula, maji yanaweza kuwa nyuzi 10 au chini ya hapo. Ukianguka ghafla, kifua kinabana na unavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji pumzi hiyo ni ya maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameitafiti baridi kwa kujiingiza mwenyewe kwenye maji ya barafu, anafundisha hesabu rahisi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Maana yake hata mwogeleaji hodari wa Musoma ana dakika kumi tu za kujisaidia. Sheria yetu ya familia: watoto wakikanyaga mawe ya ufukoni wamevaa jaketi la kujiokolea, hata kama wanaokota mawe tu. Na watayaokota, maana ufuko huu una vijiwe vyekundu vyenye mistari vinavyoitwa agate, mtu anaweza kuinama mchana kutwa.

Chakula sitakaa nacho sana. Tutabeba jiko la gesi la kupikia nje, deli la barafu, ndizi kutoka duka la Waafrika, maharage niliyoyachemsha nyumbani. Samaki tutanunua njiani, wa kukausha kwa moshi, ndiyo biashara ya kale ya pwani hii, na ninajua mama akimfungua mmoja kwenye karatasi atamkagua mkia kwanza. Kuvua mwenyewe kunahitaji leseni kwa mtu mzima. Kila chenye harufu, hata dawa ya meno, kinalala kwenye gari lililofungwa, kwa sababu kuna dubu weusi. Kwa kawaida wanamkwepa mtu, ila mkate hawaukwepi. Kupe wapo pia, wanaleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni kila mtoto anakaguliwa nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, hakuna muziki. Na giza lenyewe litamshangaza mama, kwa sababu Julai jua linazama karibu saa tatu usiku.

Wale wa nyumbani mnaouliza kama haya yanawezekana kwetu: yanawezekana, na mengine yapo tayari. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ni kisiwa ndani ya Victoria, kina sehemu za kambi, na Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, pungufu kabisa ya mgeni. Ila mipango yake ni mingine. Kule baridi siyo adui. Mnapanga chandarua, mnapanga kutoingia maji ya pembezoni kwa sababu ya kichocho na mamba, na hema halipigwi kwenye njia ya kiboko. Yule hutoka majini usiku kwenda kula majani, na anarudi kwa njia ileile aliyotokea. Waulizeni askari wa hifadhi, watawaonyesha kwa kidole. Natamani sana siku moja kila wilaya ya kando ya ziwa iwe na uwanja wa umma wa namna hii, wenye choo safi, maji ya bomba na meza, mahali ambapo mwalimu wa Muleba analala na wanae wikiendi kwa bei ya soda chache. Ziwa ni letu, na wengi wetu tumelijua kwa kulivuka tu.

Mama, najua utaiangalia hii kwa simu ya mjomba. Lete sweta mbili, lete soksi nzito, lete viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, kanga zako utazivaa juu ya hayo yote. Dawa za presha ziache kwenye makopo yake ya hospitali, usizichanganye, na uwe na karatasi ya daktari. Bima ya mgeni nimeshaanza kuitafuta huku, usihangaike nayo. Hospitali ya karibu na kambi iko mji wa Two Harbors, na kwa kuwa mtandao wa simu unakatikakatika kwenye ufuko ule, namba ya kiwanja chetu nitawaachia majirani kwa maandishi.

Wiki ijayo nakwenda kuikagua RV yenyewe kabla ya kuweka amana, na kamera nitakwenda nayo. Nitafungua mabomba, nitawasha jiko na kipasha joto, nitalala kwenye kile kitanda cha mama kuona kama anakifikia bila kupanda ngazi. Wenye maswali ya matangi na ya kukodi andikeni hapo chini leo, ili nikiwa pale nimuulize mwenye gari moja kwa moja.